Kardinali, Mtawa, Diwani na Mwandishi: Uanze na Chapa Ipi?

Mtu anayetaka kujifunza kusoma picha za watu zilizochapwa katika zama za Mwamko wa Ulaya, awe mwalimu anayetafuta picha moja ya kuwaonyesha wanafunzi, mwanafunzi anayesaka mada ya tasnifu, au mpenzi wa michoro anayetaka kitu cha kutundika ukutani, hukwama mapema kwa sababu picha zenyewe ni nyingi mno. Kuanzia miaka ya 1500 wafalme, maaskofu, wafanyabiashara, maprofesa na hata wachekeshaji wa ikulu walichorwa, wakachongwa kwenye ubao au kwenye bamba la shaba, wakapigwa chapa kwa mamia, na nyuso zao zikaingia katika nyumba za watu ambao wasingekutana nao maishani. Hapa nimeziweka chapa nne ubavu kwa ubavu, tatu za Albrecht Dürer wa Nürnberg na moja ya Lucas Cranach wa Wittenberg, zote za shaba na zote za kati ya 1519 na 1526: Kardinali Albrecht wa Brandenburg, mtawa Martin Luther, diwani Willibald Pirckheimer na mwandishi Erasmus wa Rotterdam. Nimezichagua kwa sababu maisha ya watu hawa wanne yalishikana kwa barua, kwa urafiki au kwa ugomvi, na kwa sababu kila karatasi inajibu kwa namna yake swali moja: mtu ajionyesheje mbele ya watu asiowajua, kwa wino mweusi, bila dhahabu wala rangi?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Picha ya rangi ya mafuta hutundikwa nyumbani kwa mwenyewe, na anayeiona ameshapita mlangoni, ameshawaona watumishi, ameshakanyaga mazulia; cheo cha aliyechorwa amekijua kabla hajainua macho. Chapa huenda peke yake. Inafika kwa barua, imekunjwa, mezani kwa mtu wa mji mwingine, na wekundu wa joho la kardinali umegeuka kijivu kama joho la mwingine yeyote. Kwa hiyo cheo hakina budi kusemwa kwa njia nyingine: nembo, manyoya ya ukosi, vitabu, namna ya kutazama, na zaidi ya yote maneno yaliyochongwa pamoja na uso. Nitakachopima katika chapa hizi nne ni wepesi wa kuiona kazi hiyo ikifanyika. Maoni yangu niyaweke wazi tangu mwanzo: anayejivika unyenyekevu kwenye karatasi hizi anadai heshima sawasawa na anayejivika nembo, ila dai lake ni gumu zaidi kulikamata.

Kwa nini za shaba na si za mbao

Anayechonga ubao huondoa mbao na kuuacha mstari umesimama, na wino hukaa juu ya mstari huo kama unavyokaa juu ya herufi za risasi. Ndiyo maana ubao na herufi viliweza kupigwa pamoja katika mtambo mmoja, na ubao mzuri ukatoa maelfu ya nakala. Shaba ni kinyume chake. Mchongaji husukuma kijichuma chenye ncha kali kwenye bamba na kuchimba mfereji mwembamba, wino huingizwa mferejini, uso wa bamba hufutwa ukawa safi, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa rola ili iufuate wino huko chini. Mistari inaweza kuwa myembamba kama unywele, lakini bamba huchoka: baada ya nakala mia kadhaa nzuri, vivuli huanza kufifia.

Tofauti hiyo ya kiufundi ni tofauti ya hadhira pia. Dürer alipomchora Kaisari Maximilian wa Dola Takatifu ya Kirumi mjini Augsburg tarehe 28 Juni 1518, na kaisari akafariki Januari 1519, sura iliyotoka katika mchoro ule iliwafikia watu wengi kwa ubao, kwenye karatasi kubwa yenye urefu wa sentimita 40 hivi, ikiwa na vyeo vya kaisari wa Kirumi juu yake. Ilitakiwa mno hata vibao vingine vikachongwa kuiga kile cha kwanza. Huyo ni mtawala akizungumza na umma. Chapa ya shaba, kwa kawaida ndogo na yenye Kilatini, ilikuwa zaidi zawadi baina ya watu waliojuana au waliotaka kujuana. Ikiwa unachotafuta ni propaganda ya dola, basi acha hizi nne na umchukue Maximilian wa mbao, hutajuta.

Jambo moja zaidi kuhusu maneno, kwa kuwa yatatusindikiza hadi mwisho. Kitabu kikubwa cha historia ya dunia kilichochapwa Nürnberg mwaka 1493 kilikuwa na picha zaidi ya 1,800 zilizotokana na vibao vipatavyo 645 tu, maana uso uleule ulitumika kwa mfalme huyu kwenye ukurasa mmoja na kwa mwanafalsafa yule kwenye ukurasa mwingine, na jina tu ndilo lililobadilika. Na Daniel Hopfer wa Augsburg alipomchora Kunz von der Rosen, mchekeshaji na mshauri wa Maximilian, kwa kutumia bamba la chuma lililoliwa na asidi, sura ile ya ndevu nene na upanga ikaja baadaye kusambazwa kama uso wa Klaus Störtebeker, haramia aliyekuwa amekufa zaidi ya karne moja kabla. Uso usio na maandishi yake huchukuliwa na yeyote. Waliochongwa katika miaka ya 1520 walilijua hilo, ndiyo sababu wakajifunga kwa herufi.

Kardinali na mtawa

Jozi ya kwanza ina mvuto wa pekee kwa sababu watu hawa wawili ndio waliokuwa kwenye ncha mbili za mgogoro uliolipasua kanisa la Ulaya Magharibi. Albrecht wa Brandenburg alikuwa askofu mkuu wa Magdeburg tangu 1513 na wa Mainz tangu 1514, na hivyo mmoja wa wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua kaisari. Kupata majimbo hayo kulimgharimu mikopo mikubwa kwa nyumba ya Fugger, wenye benki wa Augsburg, na uuzaji wa rehema, yaani vyeti vya kanisa vya kuondolewa adhabu ya dhambi, uliokusudiwa kulipa sehemu ya deni hilo ndio uliomfanya Luther amwandikie barua, pamoja na hoja zake 95, tarehe 31 Oktoba 1517.

Dürer alimchora Albrecht kwenye mkutano wa dola Augsburg mwaka 1518, ambako ndiko alikovikwa ukardinali, na chapa ikatoka 1519. Ni ndogo, sentimita 15 kwa 10 hivi, ukubwa wa kadi ya posta, na wataalamu huiita Kardinali Mdogo ili kuitofautisha na ile ya ubavuni ambayo Dürer aliitengeneza mwaka 1523. Kijana wa miaka 29, shavu limejaa, kidevu kimeanza kurudia, kofia ya kikasisi kichwani, amegeuka robo. Juu ipo nembo yenye kofia ya kardinali. Chini upo utitiri wa vyeo vilivyokatwakatwa ili vienee: kardinali wa kanisa la Mt. Krisogoni, askofu mkuu wa Mainz na wa Magdeburg, mteuzi wa dola, msimamizi wa Halberstadt, bwana wa Brandenburg. Ni kama kadi ya mwaliko wa harusi ambamo familia haikutaka kuacha cheo hata kimoja cha mjomba.

Lakini kilicho kizuri zaidi ni mstari wa Kilatini ulio juu, unaosema: ndivyo yalivyokuwa macho yake, ndivyo mashavu, ndivyo kinywa. Umechukuliwa, kwa kubadilishwa neno moja, kutoka kwa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, mahali ambapo mama aliyefiwa anamtazama mtoto wa mwingine na kuuona uso wa mwanawe. Kitenzi kiko katika wakati uliopita. Kardinali yu hai, ana miaka 29, na karatasi yake inazungumza na watu watakaomtazama akiwa kaburini. Mwenye kuisoma vizuri ataona kwamba Albrecht, tofauti na wengine watatu, anaamini uso wake. Hasemi kwamba kuna kitu bora nyuma yake. Macho, mashavu, kinywa na orodha ya vyeo vinamtosha.

Tunajua pia jinsi karatasi hizi zilivyotoka mkononi. Katika barua ya mapema mwaka 1520 kwa Georg Spalatin, katibu wa ikulu ya Saksonia, Dürer anaeleza kwamba alimpelekea kardinali bamba lenyewe pamoja na nakala 200, naye akajibiwa kwa gulden 200 za dhahabu na dhiraa 20 za kitambaa cha damaski cha kushonea joho. Pensheni ambayo Maximilian alimpa Dürer ilikuwa gulden 100 kwa mwaka, kwa hiyo kadi ile ya posta ililipwa kama miaka miwili ya pensheni. Mwaka 1520 chapa hiyohiyo iliwekwa katika kitabu cha masalia matakatifu ya kanisa la Albrecht mjini Halle, masalia ambayo mwenye kuyazuru aliahidiwa rehema. Mduara umefungwa: deni, rehema, uso.

Katika barua hiyohiyo Dürer anasema kwamba, Mungu akimsaidia kumfikia Luther, atamchora kwa bidii na kumchonga kwenye shaba ili mtu huyo wa Kikristo akumbukwe muda mrefu. Hakupata nafasi. Aliyeipata ni Cranach, mchoraji wa ikulu ya Mwanamfalme Mteuzi Friedrich wa Saksonia tangu 1505, ambaye mwaka huohuo wa 1520 aliiga pia Kardinali Mdogo wa Dürer kwenye bamba lake. Mtu mmoja, mwaka mmoja, mabamba mawili, maadui wawili.

Hapa inabidi kuwa makini, maana Luther wa 1520 ni wawili. Wa kwanza ni kichwa na mabega tu: mtawa aliyenyolewa utosi, mifupa ya mashavu imetokeza, kikunjo kati ya nyusi, macho yaliyozama, joho la shirika la Mt. Augustino lisilo na pambo lolote, na nyuma yake karatasi tupu. Wa pili ni mtu yuleyule aliyewekwa ndani ya kidaka, yaani uwazi uliochimbwa ukutani, kitabu kimefunguliwa mbele yake, mkono umeinuliwa kifuani kama wa mtu anayeeleza jambo kwa upole, na uso umelainishwa. Msomaji wa pwani atawaza zidaka za nyumba za mawe, lakini katika makanisa ya Ulaya kidaka kilikuwa mahali pa sanamu ya mtakatifu. Zote mbili zina maneno yaleyale: Luther mwenyewe ndiye anayechonga taswira za milele za akili yake, na Lucas anachonga tu uso utakaotoweka. Chini yupo nyoka mwenye mabawa, alama ya Cranach, aliyotunukiwa na mwanamfalme mwaka 1508.

Nakala za mapema za Luther wa kwanza zilizosalia ni chache mno, na nyingi zinazoonekana makumbushoni leo zilipigwa miongo kadhaa baadaye. Wapo wanahistoria wanaosema ikulu iliizuia chapa hiyo kwa kuwa ilionyesha mtu mkaidi wakati ambapo Friedrich alihitaji kumwonyesha kaisari mtawa mwenye kusikilizika, na kwamba Luther wa kidaka ndiye aliyepewa kibali. Yule wa kidaka kweli ndiye aliyeigwa haraka. Mwaka 1521 Hans Baldung Grien wa Strassburg alimchonga kwenye ubao akiwa na mwanga wa utakatifu kichwani na njiwa juu yake, na Aleandro, mjumbe wa Papa, akalalamika kwamba watu wanazinunua picha kama hizo, wanazibusu, na wanaziingiza hata ndani ya ikulu.

Sasa ziweke mbili hizi pamoja mezani. Upande mmoja nembo, upande mwingine ukuta mtupu. Upande mmoja mistari ya vyeo, upande mwingine jina moja tu, Luther, bila hata neno daktari, ilhali alikuwa daktari wa theolojia tangu 1512. Anayezitazama kwa haraka atasema: huyu anajivuna, huyu hajivuni. Ndipo penye mtego. Joho lile tupu lilichongwa na mtumishi wa ikulu, katika mji wa mwanamfalme, kwa maneno ya Kilatini ambayo mkulima asingeyasoma, na mitindo miwili ya uso ililinganishwa kabla mmoja kupewa nafasi. Umaskini wa Luther kwenye shaba umetengenezwa kwa uangalifu uleule uliotengeneza utajiri wa Albrecht. Sisemi kwamba ni uongo. Alikuwa mtawa kweli na joho lile alilivaa kweli. Nasema tu kwamba lilichaguliwa, na mwaka uliofuata likabadilishwa: mwaka 1521 Cranach alimchonga kwa ubavu akiwa na kofia ya daktari, na mwaka 1522, kwa ubao, akiwa na ndevu alizofuga alipojificha katika ngome ya Wartburg akijifanya muungwana. Mavazi matatu ndani ya miaka mitatu.

Diwani na mwandishi

Jozi ya pili haina ugomvi, nayo nitaanza na iliyo maarufu zaidi ili tuimalize. Erasmus alikutana na Dürer katika Ubelgiji ya leo mwaka 1520, akachorwa kwa mkaa, kisha akangoja. Aliandika kwa Pirckheimer, rafiki yao wote wawili, akidokeza kwamba angependa kuchorwa na msanii mkubwa namna ile. Chapa ilitoka 1526, kubwa kuliko zote nne, sentimita 25 kwa 19. Mwandishi amesimama kwenye meza ya kuandikia, kalamu mkono mmoja, kidau cha wino mkono mwingine, amevaa joho zito lenye mikunjo inayokula nusu ya karatasi. Mbele yake vitabu, kimoja kimefunguliwa kumwelekea mtazamaji. Kando chombo cha maua. Nyuma ya bega lake limesimama jiwe la maandishi, kubwa kama la kaburini, linalosema kwa Kilatini kwamba hii ni sura ya Erasmus iliyochorwa na Albrecht Dürer kutokana na mtu mwenyewe aliye hai, kisha kwa Kigiriki: maandiko yake yataonyesha iliyo bora.

Kila aliyewahi kupiga picha studio miaka ile ya mandhari ya kuchorwa, akapewa simu ya mezani isiyo na waya na maua ya plastiki, ataitambua hali hii mara moja. Vyote vipo, na vyote vimepangwa. Hata sentensi ya Kigiriki si mpya: ipo kwenye medali ya Erasmus iliyotengenezwa na Quentin Metsys mwaka 1519, miaka saba kabla. Na Erasmus mwenyewe, alipoipokea, hakufurahi. Alimwandikia Pirckheimer Julai 1526 kwamba si ajabu picha ikiwa haifanani, kwa kuwa yeye si yule aliyekuwa miaka mitano iliyopita. Ni adabu ya hali ya juu kwa kusema hapana. Baadaye, mwaka 1528, alimsifu Dürer kwa uwezo wake wa kusema kila kitu kwa mistari myeusi tu, lakini sifa hiyo ni ya mkono wa msanii.

Pirckheimer wa 1524 ni karatasi ndogo, sentimita 18 kwa 11 na ushee, na haina kitu isipokuwa mtu. Willibald Pirckheimer alitoka katika moja ya familia zilizoitawala Nürnberg, alikuwa diwani wa mji kwa miaka mingi hadi alipojiuzulu mwaka 1523, alitafsiri vitabu vya Kigiriki kwa Kilatini, na alikuwa na maktaba iliyosifiwa. Ndiye aliyemkopesha Dürer, mtoto wa sonara, fedha za safari ya Venezia mwaka 1505. Wangeweza kuweka nembo, au vitabu, au dirisha lenye mandhari ya mji. Hawakuweka. Nyuma kuna mistari mitupu ya kivuli. Chini kuna ubao wa jiwe. Katikati kuna kichwa kizito cha mwanamume wa miaka 53.

Kitazame kwa karibu. Shingo ni nene kuliko kichwa, na nyama ya kidevu inamwagikia ukosi. Pua imepinda katikati kama iliyowahi kuvunjika. Mfuko ulio chini ya jicho umechongwa kwa mistari mifupi inayopinda kuufuata uvimbe, na mfereji unaoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo umezama kiasi kwamba wino wake ni mweusi karibu kama wa nywele. Nywele zenyewe ni vikunjo vilivyotiwa mafuta, na ukosi wa manyoya umechongwa kwa mistari iliyoachwa wazi kwenye ncha, hata mkono unatamani kuupapasa. Mtu huyu hakupendezeshwa. Ni mnene, ni mgonjwa wa jongo, amekula vizuri na kulala vibaya, na anatazama mbele kana kwamba kikao kimechelewa kuanza.

Chini yake imeandikwa jina lake, umri wake, na kauli hii: huishi mtu kwa akili, mengine yatakuwa ya mauti. Ni mstari kutoka katika shairi la kale ambalo zamani hizo lilihesabiwa kuwa la Virgil. Ukiusoma baada ya kuitazama shingo ile, unaelewa ujasiri wake: mauti yenyewe imeonyeshwa, imewekwa mbele, pauni kwa pauni, na ndipo maneno yanapodai kwamba kuna kisichokufa. Erasmus alisema uso si kitu, kisha akauzungushia samani. Pirckheimer alisema uso si kitu, na akautoa wote.

Manyoya yale, hata hivyo, yasikupite. Miji ya Ujerumani ilikuwa na sheria za mavazi zilizopanga nani avae nini, na ukosi mpana wa manyoya mazuri ulikuwa wa watu wa ngazi yake. Hakuhitaji nembo kwa sababu aliivaa shingoni. Na karatasi yake haikuwa ya kuzagaa: nakala zilibandikwa ndani ya vitabu vya maktaba yake, kama alama ya mwenye mali. Aliyefungua kitabu cha kukopa alikutana na jicho la mwenyewe.

Ukilinganisha maneno ya chapa hizi nne kwa pamoja, na ya tano pia, ile ya Philipp Melanchthon, msomi mwenzake Luther wa Wittenberg, ya 1526 inayosema kwamba Dürer aliweza kuuchora uso wa Philipp lakini mkono wake mjuzi haukuweza kuichora akili, utaona kitu ambacho kila moja peke yake inakificha. Wasomi wote wanaukana uso. Luther anaukana, Pirckheimer anaukana, Erasmus na Melanchthon vilevile. Kuukana uso kulikuwa sare ya kundi lao, kama vile nembo ilivyokuwa sare ya wakuu, na kwa kuwa sare hiyo ilitaka ujue Kilatini, na mahali pengine Kigiriki, ilichuja watazamaji vikali kuliko nembo. Nembo hata asiyejua kusoma anaitambua.

Uchague ipi

Kwa darasa, chukua kardinali na mtawa pamoja, usiwatenganishe. Luther peke yake atawafundisha wanafunzi kwamba usahili ni ukweli, na kardinali peke yake atawafundisha kwamba dini ilikuwa fahari tu. Wakiwekwa pamoja, swali la nani alilipa na nani alipelekewa litazuka lenyewe, na majibu yapo katika barua. Iwapo una nafasi ya picha tatu, ongeza Luther wa pili, kwa sababu kuwalinganisha Luther wawili ni zoezi ambalo hata mtoto wa darasa la saba analiweza, na halihitaji Kilatini.

Kwa tasnifu, Erasmus ana faida kubwa: barua zake zipo, medali ipo, mchoro wa mkaa upo, michoro ya mchoraji Hans Holbein ipo, na unaweza kufuatilia jinsi mtu mmoja alivyoisimamia sura yake kwa zaidi ya miaka kumi. Tatizo ni kwamba mengi yameshaandikwa, na chapa yenyewe, kwa jicho langu, ndiyo baridi kuliko zote. Dürer hakuwa amemwona kwa miaka mitano, na inaonekana: vitabu viko hai kuliko mwenye vitabu.

Ikiwa unataka moja tu, ya kuishi nayo, chukua Pirckheimer. Nimezibandika zote nne juu ya meza yangu kwa ukubwa wake halisi, na baada ya wiki chache kardinali aligeuka kuwa pambo, Erasmus akawa fenicha, Luther nikamzoea. Diwani ndiye ambaye bado nasimama kumtazama nikipita na kikombe cha chai.

Anayetafuta wanawake katika aina hii ya kazi ajue kwamba atatoka mikono mitupu kwenye nne hizi, na karibu mikono mitupu katika miongo hiyo yote. Israhel van Meckenem alijichonga pamoja na mkewe Ida mnamo 1490, wamekaa sawa kwa sawa. Kisha inabidi kungoja watu kama mshairi Louise Labé wa Lyon, aliyechongwa na Pierre Woeiriot mwaka 1555. Hiyo ni safari nyingine, na inastahili ulinganisho wake.

Ukishachagua, usichukue picha ya kwanza unayokutana nayo. Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan Museum ya New York zimeweka picha za chapa zao mtandaoni kwa ubora wa juu na bila malipo, na mara nyingi utapata nakala zaidi ya moja ya bamba lilelile. Kwa Pirckheimer tazama vivuli vya chini ya kidevu: kama ni vyeusi na mistari inahesabika, nakala ni ya mapema; kama vimekuwa kijivu cha ukungu, bamba lilikuwa limeshachoka. Kwa Luther wa kwanza, kagua pembe ya juu kushoto. Ukiona kichwa kidogo cha mwanamume mwenye ndevu, kimechorwa kwa ubavu, kana kwamba mtu alikuwa anajaribu ncha ya chombo chake, basi hiyo ni nakala ya bamba baada ya kuongezwa alama hiyo. Mwisho, mpe mwenye duka la kuchapisha vipimo kwa sentimita na umkataze kuikuza ijae karatasi ya A4, maana Kardinali Mdogo akikuzwa mara mbili hupoteza jambo ambalo gulden 200 zililipiwa, yaani kwamba vyeo vyote vile, nembo na kidevu, vilienea kwenye kitu kinachoshikika kwa kiganja kimoja.